Ngeli za Safari ya Magharibi: Tasnifu Fupi Kuhusu Mkokoteni wa Gikomba hadi Toi

Utangulizi

Wataalamu wa Marekani wamelichunguza gari la kukokotwa na ng'ombe likienda, likisimama, likivuka mto na likivunjika ekseli. Wanajua kuwa Njia ya Oregon ilianzia Independence, Missouri, ikaelekea magharibi kilomita 3,200 hivi, ikamla msafiri miezi minne hadi sita, kisha ikaanza kufa mwaka 1869 reli ilipoziunganisha pwani mbili za nchi ile. Wameitungia filamu, wameijengea makumbusho, na tangu 1971 wameiundia hata mchezo wa kompyuta ambamo watoto wa shule hufa kwa kuhara damu, wakaanza upya. Safari ya magharibi inayofanywa kila siku ya Mungu kutoka soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, hadi Soko la Toi haijapata hata aya moja katika vitabu vya Historia na Serikali. Tasnifu hii inanuia kuliziba pengo hilo, au angalau kulifunika kwa turubai hadi mvua ipite.

Eneo la utafiti linaanzia ukingoni mwa Mto Nairobi pale Gikomba, linapita Landhies Road, linafuata Haile Selassie Avenue, linakwea hadi Community, linaingia Ngong Road, linaipa heshima mochari ya City, na kuishia Toi, nyuma ya Adams Arcade, pale Kibera inapoanzia. Tawi la mbali zaidi huendelea hadi Dagoretti Corner, likakunja kuingia Kawangware. Shina kuu lina kilomita nane hivi. Nusu ya kwanza ni tambarare ya kumdanganya mtu. Nusu ya pili inasema ukweli.

Data zilikusanywa kwa kukaa kwenye benchi la kibanda cha chai na kutazama. Mbinu hii ilikosolewa vikali na mwenye kibanda, aliyetaka kujua kama elimu ya juu inalipia viti.

Kuhusu nadharia: wasafiri wangeweza kuainishwa kwa umri, kwa kabila au kwa chama cha siasa, na wapo wanaofanya hivyo kila baada ya miaka mitano. Sisi tumechagua ngeli. Ndizo uainishaji pekee ambao kila Mkenya aliyepita darasa la nne amewahi kuchapwa kwa ajili yake, kwa hiyo hakuna atakayedai kuwa hajazisikia.

Ngeli ya A-WA: wenye uhai, hasa asubuhi

*Msukumaji wa mbele.* Hushika mikono ya mkokoteni, huiona njia, hupiga mluzi, na hutukanwa na madereva wa matatu kwa niaba ya msafara mzima. Kilio chake kikuu ni "Pisha! Pisha!", ambacho barabarani Nairobi humaanisha kwamba hakuna atakayepisha.

*Msukumaji wa nyuma.* Husukuma kwa mabega, kwa viganja, na mlima ukizidi, kwa paji la uso. Haoni chochote isipokuwa kamba na gunia. Anakokwenda anaambiwa na mwenzake, na imani aliyo nayo kwa mwenzake huyo ingewatia haya waumini wengi wa Jumapili. Wote wawili, mara nyingi, hawaumiliki mkokoteni. Wanaukodi kwa siku. Mzigo wa kwanza wa siku basi humlipa mwenye mkokoteni, ambaye hajulikani kwa sura katika eneo la utafiti kwa sababu yeye hapandi mlima.

*Mchuuzi wa Toi.* Huingia Gikomba kabla ya jua, marobota yakifunguliwa, akachagua kwa mwanga wa simu. Akishapata chake, hamngoji msukumaji: hutangulia kwa matatu ya Ngong Road, akafika Toi, akaanza kupiga simu. Swali lake ni moja: "Umefika wapi?" Jibu nalo ni moja tangu simu za mkononi zilipoingia nchini: "Niko hapa tu."

*Kanjo, yaani askari wa jiji.* Wanasarufi wangali wanabishana kama huyu ni wa A-WA au ni hali ya hewa. Hutokea ghafla, huvuma, watu hukimbia, kisha jua huwaka tena.

*Mpagazi wa kale.* Huyu ni babu wa ngeli nzima. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, magharibi kabisa, ikiwa na wapagazi ambao wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Alikuwa na haki ambazo mjukuu wake wa Landhies Road hana: kirongozi wa kuonyesha njia, posho ya kila siku, mnyapara wa kulalamikiwa, na methali yake mwenyewe. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Aliye Gikomba leo hupewa mzigo mzito bila methali.

*Ng'ombe.* Kisarufi yumo. Katika eneo la utafiti nafasi yake imejazwa na wawili wa kwanza.

Ngeli ya U-I: mkokoteni, mzigo, mlima

Mkokoteni wa Nairobi huzaliwa gari linapokufa. Ekseli hutoka gari moja, matairi mawili hutoka magari mawili yasiyofahamiana, mbao hutoka kwenye nyumba iliyobomolewa, na fundi wa jua kali hufungisha ndoa hiyo kwa misumari na moto wa kuchomelea. Breki ni mpira wa tairi kuukuu uliopigiliwa sehemu ya nyuma. Ili kusimama, msukumaji wa mbele huinua mikono ya mkokoteni juu mpaka nyuma ikwaruze lami. Kwenye mteremko mkali huinuka pamoja nayo, miguu ikaacha ardhi. Watalii huliona jambo hili kuwa mchezo, nao wahandisi huliona kuwa kosa; mwenyewe akiulizwa, hujibu kwamba ni breki.

Marekani, reli ililiua gari la ng'ombe. Hapa reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na hadi leo inakatiza katikati ya Kibera, si mbali na Toi, wachuuzi wakiondoa bidhaa zao relini treni ikikaribia na kuzirudisha ikishapita. Mkokoteni umeitazama reli hii kwa zaidi ya karne moja na haujaona sababu ya kufa. Maadui wake wa kweli ni wa juzi: boda boda inayobeba robota moja nyuma ya dereva kama mke wa pili, na Probox, ambayo hubeba kila kitu isipokuwa aibu. Hao wamelikata shina la safari vipande vipande, hivi kwamba mikokoteni mingi sasa hufanya robo safari tu, kutoka kibandani hadi stejini. Inayokwenda njia nzima inapungua. Ndiyo maana utafiti huu una haraka.

Kuhusu mzigo, hesabu ni hii. Robota la kawaida la nguo lina kilo 45. Mkokoteni ukipakiwa sita tu, ambayo ni adabu ya mwanzo wa mwezi, tayari ni kilo 270 kabla ya kupima mbao na chuma. Huo ni mzigo wa wapagazi tisa. Gari la Oregon lilibeba takriban tani moja na kukokotwa na ng'ombe wanne hadi sita. Wakiwa sita, kila ng'ombe alikuwa na kilo 170 hivi. Wasukumaji wetu wawili wana kilo 135 kila mmoja. Tofauti ya kilo 35 inafidiwa na ukweli kwamba ng'ombe alikula nyasi bure, alipumzika mchana, na hakutakiwa kumpigia mtu simu.

Lansford Hastings, katika mwongozo wake wa mwaka 1845, aliwashauri wasafiri wabebe pauni 200 za unga kwa kila mtu mzima, yaani kilo 90, sawa na marobota mawili ya Gikomba. Bwana huyuhuyu alipendekeza pia njia ya mkato ambayo mwenyewe hakuwa ameipita na magari. Mwaka uliofuata, kundi la akina Donner lilimwamini, likachelewa, theluji ikalifunga milimani Sierra Nevada, na karibu nusu yao hawakutoka. Nairobi haina theluji, lakini ina Hastings wengi. Husimama kwenye kona mkono mmoja mfukoni na kusema, "Pitia hapo nyuma, ni karibu." Hapo nyuma huwa pana mtaro, harusi au geti jipya la mtu mkubwa.

Ndipo tunafika kwenye mlima. Wasafiri wa Oregon walikuwa na mwamba mkubwa huko Wyoming uitwao Independence Rock. Asiyeufikia kufikia tarehe 4 Julai alijua kuwa majira ya baridi yatamkuta njiani. Mwamba wa wasukumaji ni Community. Baada ya mzunguko wa Uhuru Highway, chini ya barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 ili wenye kulipa wasikutane na wasiolipa, Haile Selassie huinua kichwa. Kulia ni Uhuru Park, kushoto ni uwanja wa gofu, ambako watu wazima hulipa ada ili wasukume mpira mdogo kwenye nyasi. Hapo wasukumaji huanza kupanda kwa mshazari, wakikata barabara upande hadi upande, jambo linaloongeza umbali na kupunguza ukali. Asiyefika juu kabla ya saa mbili asubuhi huupanda mlima pamoja na foleni nzima ya wafanyakazi wa Upper Hill, na kila mmoja wao ana honi.

Ngeli ya LI-YA: robota, koti, jambo

Robota hununuliwa likiwa limefungwa. Mchuuzi hulizunguka, hulipiga kofi, husoma maandishi ya nchi lilikotoka, huomba, kisha hulipa. Likifunguliwa, ndani yake huwa na tabaka mbili. Tabaka la juu ni *kamera*, nguo ambazo zingeweza kupita dukani bila kuulizwa maswali. Tabaka la chini ni *fagia*, ambalo lawama zake humwendea mtu asiyejulikana wa ng'ambo aliyevaa fulana mpaka ikasahau rangi yake. Kanuni tuliyoigundua, ambayo tunaomba iitwe Kanuni ya Mwinuko, ni kwamba kamera huongezeka bei kadiri inavyopanda. Shati lililokuwa na bei ya Gikomba huwa na bei ya Toi likifika Toi, mahali ambapo mnunuzi wa Kilimani hushuka kwenye gari lake akiwa amevaa nguo chakavu kwa makusudi, ili asikisiwe mfuko.

Historia ya ngeli hii ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Shehena kuu ya wapagazi wa karne ya 19 ilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja kwa meli za Salem. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja kuhesabu majora. Miaka ileile ya 1840, basi, Mmarekani alielekea magharibi na gari lililofunikwa turubai la pamba, huku pamba ya Marekani ikielekea magharibi begani mwa Mnyamwezi. Mmoja alilala chini ya kitambaa. Mwingine alitembea chini yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata pamba hiyo, na viwanda vya Bombay vikaingia sokoni bila kubisha hodi.

Tarehe 20 Mei 1873, Jacob Davis na Levi Strauss wa San Francisco walipata hataza ya suruali iliyokazwa kwa ribiti za shaba, ili vibarua wa magharibi waweze kuchuchumaa bila kuhatarisha heshima yao. Hiyo ndiyo jinzi. Ilishonwa kwa ajili ya safari ya magharibi, ikavaliwa huko, ikachoka, ikafungwa, ikavuka bahari, na leo inapandishwa Haile Selassie kuelekea magharibi kwa mara ya pili. Hakuna suruali nyingine katika historia iliyohamia magharibi mara mbili.

Serikali nazo zimejaribu kuisimamisha safari hii. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo. Marekani ikakumbusha kuwa kuna soko lake la AGOA lisilotoza ushuru. Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda, iliyoshikilia msimamo wake, ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Machi 2020 Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa hofu ya korona, ikaufungua tena Agosti. Katika kipindi hicho fagia ilipandishwa cheo, ikaitwa kamera.

Ngeli ya YA-YA: matope, maji, mashaka

Ngeli hii haina umoja, na uzoefu unaonyesha sababu. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, vichochoro vya Toi hugeuka matope ambayo humvua mteja kiatu na, hatua tatu mbele, humuuzia kingine. Msukumaji hupita humo akiwa na mapatipati, kwa kuwa buti humeza maji na kubaki nayo.

Moto kisarufi ni wa U-I, lakini tumeuleta hapa kwa kuwa wenyewe hauheshimu mipaka. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Toi iliteketea. Ikajengwa. Ikaungua tena mwaka 2019, na tena Oktoba 2024. Upande wa pili wa njia, Gikomba huungua mara nyingi zaidi. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 moto uliua watu 15. Katika jambo hili mwandishi wa tasnifu anaondoa miwani yake ya kitaalamu.

Ila kuna utaratibu mmoja ambao vitabu vya Oregon vingeusifu kwa sura nzima kama ungefanywa na watu wa Oregon. Majivu yakiwa bado na joto, mchuuzi hufika na mti mmoja, akausimika pale kilipokuwa kibanda chake. Kesho yake huleta wa pili. Wachuuzi wa Toi walishazoea kuweka akiba ndogo ya kila siku kwa pamoja, wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa mwaka 1996. Akiba hiyo ilisimamisha mabati mengi kuliko hotuba.

Ngeli ya PA-KU-MU: mahali

Sasa twaweza kuuliza ni nani hasa mwanzilishi.

Tuanze na dhana kwamba ni mtu aliyekwenda mbali. Msukumaji anayepanda kilomita nane mara moja kwa siku, siku sita kwa juma, humaliza kilomita 48. Katika majuma 67 amefika Oregon, bila kuhesabu kurudi. Elspeth Huxley alichapisha mwaka 1959 kitabu maarufu kinachoanza na mkokoteni wa ng'ombe wanne ukitoka Nairobi kwenda Thika, mwendo usiofika kilomita 50. Kwa msukumaji huo ni mwendo wa juma moja, na hajaombwa na mchapishaji yeyote kuandika sura ya pili. Umbali basi si kigezo.

Je, ni mateso? Kipindupindu kilizika maelfu kando ya Njia ya Oregon, na hatutalidharau kaburi la mtu. Lakini kama mateso yangekuwa kigezo, Mnyamwezi angekuwa na sanamu katika kila kituo kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Kigezo kilichobaki ni kile alichokikuta mwisho wa safari. Sheria ya mwaka 1850 ilimpa mwanamume Mzungu aliyefika Oregon ekari 320, na akiwa na mke, wawili hao walipata 640. Ya mwaka 1862 iligawa ekari 160 kwa atakayekaa na kulima. Ardhi zote hizo zilikuwa na wenyewe. Nchini Kenya, mwaka 1908, Jansen van Rensburg aliwaongoza Makaburu kutoka Nakuru kwa magari ya ng'ombe, wakazama kwenye matope ya nyanda za juu, wakatokea Uasin Gishu, nchi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa inagawa mashamba kwa namba. Shamba namba 64 ndilo lililokuja kuwa mji wa Eldoret. Miaka mitatu kabla yake, Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei aliyewaongoza Wanandi kupinga Waingereza alikuwa ameuawa, na watu wake wakasogezwa. Barabara ilikuwa imeshafagiliwa. Waanzilishi walikuja na magurudumu tu.

Hapa Kibera kwenyewe, askari Wanubi wa jeshi la Waingereza walipewa makao mwanzoni mwa karne ya 20 katika ardhi ya zaidi ya ekari 4,000. Walikaa, wakazaa, wakazika, wakangoja hati. Hati ya jamii nzima ilitolewa Juni 2017: ekari 288. Kapera mmoja wa Oregon alipata zaidi.

Mchuuzi wa Toi ana kibanda, na chini ya kibanda pana ardhi ambayo kila moto ukizimika huzuka swali la ni ya nani. Msukumaji hana kibanda wala ardhi iliyo chini yake. Anafika magharibi kila siku, anapakua, anafuta jasho kwa fulana iliyoandikwa jina la chuo asichokijua, kisha anageuza mkokoteni mtupu kurudi mashariki. Hitimisho la tasnifu ni hili: mwanzilishi ni msafiri aliyepewa hati mwisho wa njia. Wengine wote waliopita njia hiyohiyo na mzigo huohuo tumewaainisha kuwa usafiri.

Maswali ya marudio

Jibu maswali yote. Usikopi kwa jirani, naye hajui.

1. Mkokoteni wenye marobota sita umefika nusu ya mlima wa Haile Selassie, kamba ikakatika. Taja ngeli zitakazoathirika kwa mfuatano. (alama 5)

2. "Niko hapa tu." Jadili ukweli wa kauli hii kwa kurejelea ngeli ya PA-KU-MU. (alama 10)

3. Linganisha Lansford Hastings na mtu anayesema "Pitia hapo nyuma, ni karibu." (alama 10)

4. Mwanamume mmoja alipewa ekari 320. Jamii moja ilipewa ekari 288 baada ya karne nzima. Tafuta tofauti, na uonyeshe njia. (alama 5)

5. Swali la lazima: Andika jina la msukumaji mmoja unayemjua. (alama 20)